Koki ya Mabatini na Umeme wa Kamanga

Jumanne asubuhi, kwenye kijiwe cha kahawa Mabatini, jijini Mwanza, koki ya gesi ilipunguza moto yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Mtungi ulikuwa wa Suhaib, muuza kahawa. Kati ya mtungi na jiko palikaa koki ya shaba iliyofungwa kwa boliti kwenye mota ya kioo cha gari, na waya mwembamba ulitoka kwenye sahani ya sabuni yenye mfuniko ukaingia ndani ya birika. Kahawa ilipokaribia kuchemka, mota ililia, koki ikazunguka, moto ukashuka. Ilipopoa, moto ukapanda. Mtengenezaji ni Nusrat, fundi wa redio na feni, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi. Kijiweni walikuwepo Ngosha, kinyozi, ambaye umeme wa koki ulitoka saluni kwake. Iqbal, muuza spea za magari yaliyochinjwa, ambaye mota ilitoka dukani kwake. Okech, anayeitwa Diwani kwa sababu aliwahi kugombea udiwani akawa wa tatu kati ya watatu. Na mzee Masele, anayeitwa Nahodha, aliyekata tiketi za kivuko mpaka akastaafu bila kushika usukani hata mara moja.

Nahodha: Imeona.

Ngosha: Imeona nini, mzee? Ina macho hiyo?

Nahodha: Imeona kahawa inataka kumwagika. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Lazima ingerudi.

Diwani: Ngamani ndiyo wapi?

Nahodha: Ukishapita Kome, mkono wa kushoto.

Diwani alitaka kubisha, akaacha. Kijiwe hiki kina sheria moja: nadharia yako ikifa mbele za watu, unatoka kwenye benchi unahamia kwenye kreti ya soda, na unakaa hapo mpaka ya mwenzako nayo ife. Wiki hiyo kreti ilikuwa ya Iqbal.

Iqbal: Mimi nawaambia, siri ni mota. Hiyo nimeing'oa kwenye mlango wa nyuma wa gari la Japani, pale wanapokaa watoto. Miaka yote mtoto anapandisha kioo, anashusha kioo, anapandisha. Imezoea usumbufu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nusrat: Siri ni hiki kidude kwenye birika, kaka Iqbal. Kinapima joto. Mota inatii tu.

Iqbal: Inatii kwa sababu ni ya Japani.

Suhaib: Na ile koki uliyotuletea kwanza, nayo ya Japani?

Iqbal: Koki ni koki.

Nusrat: Ile ya maji. Tuliipaka povu la sabuni ikatoa mapovu kama mtoto anayeota meno. Hii ni ya gesi, ina mkono wa njano. Gesi haina masihara.

Iqbal: Ndiyo maana niko kwenye kreti. Mnataka nikae wapi tena, barabarani?

Nusrat aliipaka povu koki mpya, sehemu ya kuingilia na ya kutokea. Povu lilitulia, gesi haikuvuja. Alisema koki kama hizo zinatengenezwa viwandani, na kwamba aliulizia moja Dar es Salaam. Alipotajiwa bei alikata simu bila kuaga.

Ngosha: Kwa hiyo hii yako ndiyo ya wanyonge.

Nusrat: Hii ni ya dagaa. Jumamosi inavuka ziwa kwenda Kamanga. Kuna akina mama wana chumba cha kukaushia dagaa kwa gesi. Moto ukizidi dagaa wanaungua, ukipungua wanaoza. Sasa hivi mtu anakaa na mkono kwenye koki usiku kucha.

Diwani: Dagaa ni mwanzo tu. Mimi naona mbali. Kila nyumba ya kata hii iwe na koki inayojifunga. Unasahau maharage jikoni, uko zako Buhongwa msibani, koki inafunga. Halafu tunaunganisha na simu. Halafu kata nzima inafungwa na mtu mmoja, amekaa ofisini.

Ngosha: Mtu huyo ni nani?

Diwani: Atachaguliwa.

Ngosha: Atakuwa wa tatu.

Walicheka, Diwani akiwa mmoja wao, lakini hakushuka bei.

Diwani: Chekeni. Gesi yenyewe tunayo bure. Mnajua ng'ombe mmoja kwa siku anatoa gesi kiasi gani? Wasukuma wana ng'ombe, mimi nina wazo. Unafunga koki ya dada Nusrat pale nyuma. Ng'ombe akijaa, inafunguka, gesi inaingia kwenye mfuko. Akipungukiwa, inafunga.

Nahodha: Ng'wanawane, mwanangu, umewahi kusimama nyuma ya ng'ombe?

Diwani: Ni suala la utaalamu.

Nahodha: Ni suala la teke. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Jaribu kwa mbuzi kwanza.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye kitenge cha bluu, mkononi kapu la nailoni. Alisimama kivulini, akawatazama wote, mwisho akamtazama Nusrat.

Mama: Wewe ndiye fundi? Kwenye simu nilidhani una umri mkubwa.

Alikuwa Mama Agutu, kiongozi wa kikundi cha wakausha dagaa cha Kamanga. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi bila kumwarifu mtu, ili akione kitu hicho kabla hakijafika kwake. Vijana walimwamkia, akaitikia marahaba. Nahodha alimwuliza kivuko kina hali gani, akajibiwa kwamba kinaelea. Suhaib alimpa kikombe. Nusrat alimwonyesha koki: akaweka maji ya baridi kwenye birika, moto ukapanda, yakachemka, moto ukashuka. Mama Agutu alitazama mara mbili. Kahawa hakuigusa.

Mama Agutu: Ni nzuri. Niwaambie kilichonileta. Mchanga wetu mvua ikinyesha haukaushi dagaa, wanaoza mbele ya macho. Ndiyo tukajenga chumba cha bati. Mdogo wangu Odeta ndiye anakaa na moto. Mwezi uliopita alisinzia kidogo, dagaa wa kikundi kizima wakawa mkaa. Tangu siku hiyo halali. Macho yake yamekuwa mekundu, ukimwongelesha anajibu kitu kingine. Jumamosi kikundi kinakutana. Wenzangu wanataka chumba kibomolewe tugawane bati, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Nimewaambia, subirini, kuna koki inakuja.

Diwani: Na imekuja, mama. Hongera sana.

Mama Agutu: Nina swali moja tu. Kwetu umeme unakatika. Ukikatika wakati koki iko wazi, nani anaifunga?

Iqbal alimtazama Nusrat. Nusrat aliitazama sahani ya sabuni. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, waligeuka wakaufuata kwa macho waya uliotoka kwenye sahani, ukapita juu ya benchi, ukaingia dirishani mwa saluni.

Saluni ya Ngosha ina betri kubwa na inveta. Aliziweka kwa sababu mteja aliyenyolewa nusu hana subira. Mtaa ukizimika, saluni haijui, na kijiwe, kinachochaji simu zake humo, hakijui pia. Koki ilikuwa imejaribiwa hapo tangu mwezi uliopita, kwenye uji, kwenye maharage, kwenye kahawa. Ilikuwa haijakutana na giza hata siku moja.

Nusrat: Inabaki ilipo.

Mama Agutu: Wazi.

Nusrat: Ikiwa wazi, inabaki wazi.

Mama Agutu: Feni ya kusambaza joto inazima, moto unabaki. Upepo wa ziwa ukipita chini ya mlango, moto nao unazima. Gesi inaendelea kutoka, inalala sakafuni. Halafu Odeta anakuja gizani na kiberiti.

Nusrat aliinuka kwenye stuli yake, akamwambia Iqbal asogee, akakaa kwenye kreti. Iqbal alirudi kwenye benchi bila kufurahi.

Mama Agutu: Sijaja kukukatisha tamaa, mwanangu. Ukipata jibu, vuka Jumamosi. Ukikosa, usivuke. Mimi nitawaambia wenzangu ukweli.

Alikunywa kahawa yake yote, akashukuru, akaelekea kivukoni.

Nahodha ndiye aliyeanza.

Nahodha: Mnahangaika bure. Umeme ukikatika si haupo? Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa nini tumjadili?

Ngosha: Mzee, gesi ipo.

Nahodha: Basi tuijadili gesi.

Diwani: Tuandike barua. Umeme usikatwe bila kuwaarifu akina mama. Wakiarifiwa, Odeta anafunga kwa mkono.

Suhaib: Umeme wa mvua unaarifiwa na nani? Radi?

Diwani: Radi ni umeme pia. Sasa hapo ndipo pa kufikiria. Umeme wa nguzo ukikatika kwa sababu ya radi, tuwe na nondo juu ya chumba, tunaikamata ile radi, inazungusha mota.

Ngosha: Na dagaa wanakaushwa papo hapo, na Kamanga nzima.

Iqbal: Betri. Naweka betri ya pikipiki. Umeme ukikatika, betri inaifunga koki.

Hili lilikuwa la maana.

Nusrat: Nimelifikiria. Betri ya pikipiki chumba kile chenye joto na unyevu itakaa muda gani? Na siku imekufa nani atajua? Ataijua Odeta, na kiberiti mkononi. Nataka kitu kinachofunga kwa sababu umeme haupo. Siyo kinachohitaji umeme mwingine kuja kukisaidia.

Ngosha: Basi tuhamishe saluni. Tunaipakia kwenye kivuko, inveta na mimi. Kamanga wana nywele.

Suhaib alisema jibu ni uzito. Kitu kizito hakihitaji umeme kuanguka. Iqbal alileta kutoka dukani kwake kipande cha chuma cha tairi la lori, Nusrat akakifunga kwa waya kwenye mkono wa njano, akachomoa plagi. Chuma kilining'inia. Koki haikusogea. Ngosha alivuta waya kwa nguvu. Diwani alivuta zaidi. Mkono wa koki ulianza kupinda, Nusrat akapiga kelele waache.

Iqbal: Haitakubali. Mota ya kioo imetengenezwa hivyo makusudi. Ingekubali, mwizi angeshusha kioo kwa viganja. Inasukuma, haisukumwi.

Ngosha: Si ulisema imezoea watoto?

Iqbal: Watoto wa ndani ya gari. Siyo wa nje.

Suhaib alienda kukaa kwenye kreti pamoja na Nusrat, aliyekataa kuinuka. Kreti haikuwahi kubeba wawili. Wateja wa kahawa walijihudumia.

Mpaka Jumatano jioni hali ilikuwa hiyohiyo. Nusrat alifungua feni mbili za watu na kuzifunga bila kuzitengeneza. Aliwaambia wenzake kwamba atampigia Mama Agutu Alhamisi, asimwache asubiri mpaka dakika ya mwisho. Diwani alijitolea kumpigia yeye, kwa kuwa wote ni watu wa Mara. Nusrat alisema atapiga mwenyewe.

Jibu lilikuja kwenye ugomvi wa kitu kingine. Ngosha alikuwa anamdhihaki Iqbal kwamba duka lake lina vitu visivyonunulika.

Ngosha: Taja kimoja kilichouzwa mwezi huu.

Iqbal: Nimeuza vingi. Kilichonishinda ni ile milango ya ofisi. Wale jamaa walifunga ofisi wakaniuzia vitasa vyao vya sumaku. Kitasa kizito kama tofali. Ukikipa umeme kinakamata chuma, watu wawili hawakibandui. Umeme ukikatika kinaachia. Sasa kitasa gani hicho? Umeme unakatika, mlango unamfungulia mwizi. Nani atanunua? Nimekaa navyo kama mke na wake wenza.

Nusrat: Kinaachia?

Iqbal: Palepale. Takataka kabisa.

Nusrat: Kikiachia, kilichoshikwa kinaanguka?

Iqbal: Ukikining'iniza, kitaanguka. Lakini mlango huwa hauning'inii...

Nusrat alikuwa ameshavuka barabara kuelekea dukani kwa Iqbal. Ilibidi mwenye duka amfuate mbio kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye.

Alichofanya Nusrat ni hiki. Koki ya mota aliiacha kama ilivyo, ipandishe na kushusha moto. Nyuma yake, upande wa mtungi, aliongeza koki ya pili isiyo na mota. Kwenye mkono wake alifunga kile chuma cha lori. Chuma kikiwa juu, koki iko wazi, kikishuka, inafunga. Sumaku ya mlango ndiyo inayokishika juu. Umeme ukiondoka, sumaku inaachia, chuma kinaanguka, gesi inakoma.

Alhamisi mchana walijaribu. Ngosha alikuwa na mteja kwenye kiti, mwalimu Mayala, amenyolewa upande wa kushoto.

Nusrat: Ngosha, zima.

Ngosha: Nina mtu.

Nusrat: Zima na inveta.

Mwalimu Mayala: Kuna nini?

Ngosha: Utafiti, mwalimu. Kaa hivyohivyo.

Mashine ya kunyolea ilinyamaza. Nje, chuma kilianguka, kikagonga ubao. Moto chini ya birika ulififia, ukazima. Nusrat aliwasha kiberiti mbele ya jiko. Moto haukushika. Alipaka povu, akasubiri, akapaka tena.

Diwani: Sasa umeme ukirudi, chuma kitapanda chenyewe?

Nusrat: Hapana. Mpaka mtu akinyanyue kwa mkono.

Diwani: Hapo umekosea. Nusu inajiendesha, nusu haijiendeshi. Tuongeze mota ya pili.

Nusrat: Ndivyo nilivyotaka iwe. Umeme ukirudi wakati moto umezima, gesi isije peke yake. Aje mtu kwanza, anuse, afungue mlango, anyanyue chuma, awashe.

Nahodha: Mkono mtupu haulambwi.

Walimtazama. Hakueleza.

Walizima umeme mara kadhaa mchana ule. Mara moja chuma kilikwama kwenye ukingo wa ubao. Nusrat alikata ubao, wakaanza upya. Kisha akaongeza uzito kidogo, kwa sababu koki ya shaba huwa ngumu ikipata vumbi. Mwalimu Mayala alitoka saluni saa kumi, nywele sawa pande zote, akadai na yeye anywe kahawa kwa kuwa ni mshirika. Suhaib alimpa. Kreti ilikuwa tupu, kwa hiyo Diwani aliulizwa kama ile ya mota ya pili bado anaishikilia. Alisema ameiahirisha.

Jumamosi Nusrat alivuka na kivuko cha kwanza, koki ndani ya ndoo, chuma kwenye mfuko wa bega. Iqbal alikwenda naye, akisema anafuata sumaku yake ionekane inatendewa vizuri. Kikundi kilikutana kwenye kivuli cha chumba cha bati. Kwa maelezo ya Iqbal, akina mama watatu walisema kibomolewe, wengine walinyamaza, na mmoja aliuliza kama chuma kile hakiwezi kumwangukia mtu mguuni. Nusrat alikubali kwamba kinaweza, akakitengenezea kasha la mabati hapohapo. Mama Agutu aliomba usiku mmoja. Alipewa huo mmoja.

Nusrat alimfundisha Odeta: kunusa, kufungua mlango, kusubiri, kunyanyua, kuwasha. Alimfanya arudie mpaka Odeta akakasirika. Saa kumi jioni yeye na Iqbal walirudi Mwanza.

Jumapili asubuhi simu ya Nusrat iliwekwa juu ya benchi, sauti imefunguliwa. Alikuwa Mama Agutu.

Mama Agutu: Umeme ulikatika magharibi. Mvua ilikuwa kubwa.

Nusrat: Koki?

Mama Agutu: Chuma kilianguka. Odeta alisikia kishindo, akaja. Hakukuwa na harufu. Aliacha mlango wazi kama ulivyosema. Umeme uliporudi akanyanyua, akawasha.

Ngosha alipiga benchi kwa kiganja. Diwani alimwashiria anyamaze.

Mama Agutu: Sasa nisikilize. Alfajiri nimeingia nikamkuta Odeta amelala kwenye mkeka. Amelala kabisa, mdomo wazi. Nikasema basi, yamejirudia yale. Nikakimbilia rafu.

Nusrat: Wameungua?

Mama Agutu: Rafu za juu wamekauka, ukiwashika wanalia kama karatasi. Rafu ya chini bado wana unyevu. Hewa haifiki kule, njoo uangalie ile feni. Lakini hakuna aliyeungua. Nimesimama pale nikaona moto unashuka wenyewe, unapanda wenyewe, na yeye anakoroma.

Nahodha: Mama, na wenzako wanasemaje?

Mama Agutu: Wamekuja wameona. Bati zinabaki mpaka masika yaishe, halafu tutakaa tena. Yule wa mguu ameuliza kama anaweza kuletewa ya kwake.

Nusrat: Naomba niongee na Odeta, anieleze chuma kilivyoanguka.

Mama Agutu: Haiwezekani sasa hivi. Tumemfunika kanga na kumfungia mlango watoto wasimpigie kelele.

Nusrat alisema atavuka kesho kwa ajili ya rafu ya chini. Simu ilipokatwa, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya Mabatini. Upande wa pili wa ziwa, Odeta alikuwa bado amelala.